Vyeti Si Ajira: Mafunzo ya Serikali Yapimwe Hadharani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuisikia dukani na katika vyama vya ushirika, lakini leo tunaileta mbele ya serikali, kwa sababu ipo mali moja ya taifa ambayo imetumiwa kwa zaidi ya miaka 60 bila daftari la kuaminika. Mali hiyo ni ujana wa watoto wetu. Tangu mwaka 1964, serikali moja baada ya nyingine imewaita vijana makambini, vyuoni na katika semina, ikawaahidi kwamba wakitoka huko watakuwa na kazi. Miradi imekuja na majina matamu, imezinduliwa kwa ngoma na hotuba, kisha imezikwa bila matanga. Ni mara chache sana ambapo wananchi waliolipa gharama wameambiwa, kwa hesabu iliyo wazi, ni vijana wangapi walipata riziki kwa sababu ya mafunzo hayo.

Sisi hatupingi mafunzo. La hasha! Taifa lisilowafundisha vijana wake kazi za mikono na za akili linajichimbia kaburi. Tunachokipinga ni desturi ya kumwaga fedha za umma katika miradi ya mafunzo, kisha kuhesabu vyeti na kuiita hesabu hiyo mafanikio. Cheti ni karatasi. Kazi ni unga jikoni, ni kodi ya nyumba, ni heshima ya mtu mbele ya jamaa zake. Kati ya hayo mawili pana pengo, na katika pengo hilo ndimo walimotumbukia maelfu ya vijana waliofuata kila walichoambiwa wakafuate.

HESABU TUNAYOPEWA NA HESABU TUNAYONYIMWA

Waziri, gavana au mbunge anapoulizwa kuhusu ukosefu wa kazi, aghalabu hujibu kwa idadi. Atasema vyuo kadhaa vimejengwa, maelfu ya wanafunzi wamesajiliwa, mamia ya cherehani na mashine za kuchomelea vyuma zimenunuliwa. Idadi hizo huenda ni za kweli. Lakini zinatueleza kilichoingia tu, wala hazituelezi kilichotoka. Mkulima hapimi shamba lake kwa magunia ya mbolea aliyoyamwaga. Hulipima kwa magunia ya mahindi aliyoyavuna. Kwa nini basi serikali ipewe sifa kwa mbolea?

Hebu tutoe mfano wa hesabu, ndugu msomaji, ili tuelewane. Tuseme chuo kimoja kimepokea vijana 100 na kumtumia kila mmoja wao shilingi 40,000. Jumla ni shilingi milioni 4. Kati ya vijana hao, 60 wamemaliza masomo na kupata vyeti. Mwaka mmoja baadaye, 30 wanafanya kazi ya kulipwa au wamejiajiri. Mkuu wa chuo atatangaza wahitimu 60. Mwanasiasa mwangalifu zaidi atatangaza ajira 30. Lakini tukiwatafuta vijana wengine 100 wa kijiji hicho hicho, wenye umri na elimu ile ile, ambao hawakupata nafasi chuoni, huenda tukakuta kwamba 25 kati yao nao wanafanya kazi. Mmoja amejifunza ufundi kwa mjomba wake gerejini, mwingine anauza mitumba, mwingine ni makanga wa matatu. Basi mchango halisi wa chuo si 60 wala si 30, bali ni 5. Na kila ajira mojawapo kati ya hizo tano imemgharimu mlipa kodi shilingi 800,000.

Huo ni mfano tu, hatusemi ndivyo ilivyo katika chuo fulani. Lakini swali lililomo ndani yake ndilo swali la kweli, na ndilo ambalo serikali zetu zimelikwepa: je, kijana huyu angekuwa wapi leo bila mafunzo yetu? Yeyote asiyeweza kulijibu swali hilo hawezi kujua kama anajenga au anabomoa. Aidha, hawezi kujua chuo kipi kiongezewe fedha na kipi kifungwe, kozi ipi inafaa na ipi imepitwa na wakati.

MIAKA 60 YA MAJINA MAPYA

Tukiitazama historia yetu tunaona kwamba tatizo hili halikuzaliwa juzi. Huduma ya Vijana kwa Taifa, yaani NYS, iliundwa mwaka 1964, wakati taifa lilipokuwa changa na vijana wengi walipokuwa wakirandaranda mijini baada ya uhuru. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa, NCCK, lilitoa ripoti iliyouliza swali rahisi lenye uchungu: mtoto akimaliza shule ya msingi, kisha nini? Kutokana na ripoti hiyo vilizaliwa vyuo vya ufundi vya vijiji, ambavyo shabaha yake ilikuwa kumpa kijana ujuzi unaohitajika pale pale anapoishi, kwa gharama ndogo, chini ya usimamizi wa wenyeji. Vyuo hivyo baadaye vilichukuliwa na serikali, vikabadilishwa jina mara kadhaa, na vingi vikaanza kufuata mitihani ya taifa kuliko mahitaji ya soko la jirani.

Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ulioongozwa na wataalamu Hans Singer na Richard Jolly, ulichapisha ripoti kuhusu ajira nchini Kenya ambayo ilisomwa dunia nzima. Jambo moja ililolisisitiza lingali linatuhusu hadi leo. Ripoti ilisema kwamba shida ya Kenya si watu wasio na shughuli tu, bali pia watu wanaofanya kazi kutwa kucha na bado wakabaki maskini. Mafundi wa mitaani, ambao wakati huo walifukuzwa na askari wa manispaa na kubomolewa vibanda vyao, ripoti iliwaona kuwa ni wazalishaji wanaostahili kusaidiwa. Nusu karne imepita. Tunapozindua mradi mpya wa mafunzo bado twauliza kama kijana atapata shughuli, wala hatuulizi kama shughuli hiyo itamtoa katika umaskini.

Kisha ukaja mwaka 1985 na mfumo wa 8-4-4. Wazazi waliambiwa kwamba watoto wangejifunza useremala, uashi, upishi, ushonaji na kilimo shuleni, na kwamba anayemaliza darasa la nane angeweza kujitegemea. Wazazi walichangishwa kwa harambee kujenga karakana na kununua randa na misumeno. Katika shule nyingi karakana hazikukamilika, walimu hawakuwa wamefundishwa masomo hayo, na mtoto alijifunza useremala kwa kunakili maelezo ubaoni. Masomo hayo ya ufundi yalipunguzwa baadaye, na mnamo 2017 taifa likaanza kuuacha mfumo wenyewe. Mzazi aliyeuza mbuzi wake ili karakana ijengwe hakuletewa hesabu ya yale yaliyopatikana.

Tukifika miaka ya 1990 tunakuta jaribio moja lililokuwa na hekima ndani yake. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 1994, serikali ilianzisha vocha za mafunzo kwa wenye biashara ndogo na mafundi wa jua kali, na vocha zenyewe zikaanza kutolewa mwaka 1997. Badala ya serikali kukilipa chuo, ilimpa fundi vocha akachague mwenyewe mahali pa kujifunza. Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Wenye vocha hawakukimbilia vyuo vya serikali. Sehemu kubwa zaidi ya mafunzo ilitolewa na mafundi stadi, wale wenye karakana zao mitaani. Kwa maneno mengine, mwananchi alipopewa nafasi ya kuchagua alikwenda kwa fundi anayefanya kazi. Lakini urasimu wa kusimamia vocha ulikuwa mzito na wa gharama kubwa, na fedha za mradi zilipokwisha, vocha zikaisha pia. Funzo lilibaki katika ripoti, na ripoti zikabaki makabatini.

Tangu hapo kasi ya majina mapya imeongezeka. Mwaka 2009 ilikuja Kazi kwa Vijana, na mnamo 2011 ikaandamwa na maswali ya Benki ya Dunia kuhusu matumizi yasiyostahili ya fedha. NYS ilipanuliwa kwa kishindo baada ya 2013, lakini mwaka 2015 taifa likasikia kashfa ya shilingi milioni 791, na mwaka 2018 kashfa nyingine iliyowafikisha makumi ya watu mahakamani. Mnamo 2016 ulianzishwa mradi wa kuwafundisha vijana kazi za kompyuta ulioitwa Ajira. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, Kazi Mtaani iliwapa zaidi ya vijana 200,000 wa mitaa ya mabanda vibarua vya kufagia na kuzibua mitaro. Vibarua hivyo viliwaokoa wengi na njaa, na tunalisema hilo bila kinyongo, lakini msaada wa wakati wa janga haufai kuhesabiwa kuwa ni mafunzo wala ajira ya kudumu. Na sasa tunao mradi wa NYOTA, ambao pia unatumia mkopo wa Benki ya Dunia, na ambao umewaahidi vijana waliochaguliwa katika wadi zote 1,450 mafunzo na mtaji wa shilingi 50,000 kila mmoja.

Msomaji ataona kwamba kila serikali iliyoingia imekuja na jina lake. Hapa ndipo tunapoiona hila kubwa. Mradi ukibadilishwa jina kabla haujapimwa, hakuna anayeulizwa. Walioondoka husema hawakupewa muda. Walioingia husema wao wameanza upya. Tulipodai vyama vingi, na kifungu cha 2A kilipoondolewa katika Katiba ya zamani mnamo Desemba 1991, tulitumaini kwamba ushindani wa vyama ungelazimisha kila serikali kutoa hesabu. Kwa upande wa ajira za vijana, ushindani huo umezaa zaidi mashindano ya kubuni majina. Vyama karibu vyote vikubwa vimewahi kuonja madaraka katika miaka hii. Basi hakuna chama chenye haki ya kumcheka mwenzake.

KUPIMA KUNAWEZEKANA

Wapo wakuu wa serikali wanaodai kwamba matokeo ya mafunzo hayapimiki. Hilo si kweli, na ushahidi uko hapa hapa nyumbani. Mnamo 2008 na 2009, katika eneo la Busia na viunga vyake, watafiti waliwapokea vijana zaidi ya 2,000 waliotaka kusomea ufundi. Takriban nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipewa vocha yenye thamani ya takriban dola 460 za Marekani ya kulipia karo. Wengine hawakupewa. Kwa kuwa kura ndiyo iliyoamua, makundi hayo mawili yalilingana tangu mwanzo, na tofauti yoyote iliyojitokeza baadaye ingeweza kuhusishwa na vocha.

Matokeo yake yanafaa kusomwa na kila waziri. Kwanza, vocha ilifanya kazi yake ya kuwapeleka vijana chuoni: wengi mno wa waliopewa walijiandikisha, huku wachache sana wa wasiopewa wakimudu kufanya hivyo. Karo ilikuwa kikwazo cha kweli. Pili, waliopewa uhuru wa kuchagua chuo cha umma au cha kibinafsi walijiandikisha kwa wingi kuliko waliofungiwa vyuo vya umma pekee. Tatu, vijana walidhani kwamba ufundi ungewaongezea kipato kwa kiasi kilichozidi uhalisi. Nne, wasichana walikuwa wakikimbilia ushonaji na ususi, ilhali ufundi wenye malipo bora zaidi, kama wa magari, ulikuwa mikononi mwa wavulana. Na walipoelezwa ukweli kuhusu mapato, baadhi ya wasichana walianza kuufikiria ufundi huo. Tano, na hili ndilo chungu kuliko yote, mapato ya waliopata vocha hayakupanda kwa kiasi kikubwa yakilinganishwa na ya wenzao.

Mtu mvivu wa fikra atasema: basi tufunge vyuo. Sisi hatusemi hivyo. Tunasema kwamba habari chungu iliyothibitishwa ina faida kuliko sifa tamu isiyo na msingi. Imetuonyesha kwamba kuondoa karo hakutoshi. Kwamba ubora wa mafunzo, vifaa, na mahitaji ya soko ndiyo yanayoamua. Nao utafiti mwingine, uliofanyiwa mradi wa mafunzo na uanagenzi wa vijana mijini ulioanza mwaka 2010, ulionyesha kwamba kuchanganya masomo ya darasani na muda wa kufanya kazi chini ya mwajiri kulisaidia baadhi ya vijana kupata kazi za kulipwa. Ukiziweka tafiti hizi kando ya lile jaribio la vocha za jua kali, unaona zinaelekeza upande mmoja: mafunzo yaliyo karibu na kazi yana tumaini kuliko mafunzo yaliyofungiwa darasani. Maarifa hayo yamepatikana kwa jasho. Kuyapuuza ni kulipa karo ya somo moja mara tatu.

MAPINGAMIZI MATATU

Tunajua tutajibiwa nini. Kwanza tutaambiwa kwamba kupima ni ghali. Ni kweli kuna gharama. Lakini kuwapigia simu wahitimu baada ya miezi sita, mwaka mmoja na miaka mitatu ni kazi ambayo karani mmoja mwenye orodha na simu anaweza kuianza kesho. Chuo kinachoweza kuandaa sherehe ya mahafali kwa hema na vipaza sauti kinaweza kugharimia muda wa maongezi. Na ikiwa waombaji ni wengi kuliko nafasi, kama ilivyo karibu kila mara, kura ya hadharani ingemaliza malalamiko ya upendeleo na papo hapo kutupatia kundi la kulinganishia. Kura hiyo ingekuwa haki na ingekuwa kipimo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Tutaambiwa kwamba mafunzo hayawezi kulaumiwa ikiwa kazi zenyewe hazipo. Hapa tunakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Takwimu za serikali yenyewe, katika Utafiti wa Kiuchumi wa mwaka 2025, zinasema kwamba mwaka 2024 zilipatikana ajira mpya takriban 782,000, na kwamba kati ya hizo takriban 704,000 zilikuwa katika sekta ya jua kali. Kati ya kila ajira 10 mpya, 9 ni za vibandani, barabarani na mitaani, bila barua ya ajira, bila bima na bila pensheni. Chuo hakiwezi kuumba viwanda. Umeme ukiwa ghali, barabara ikiwa mbovu na nguo kuukuu kutoka nje zikifurika sokoni, mshonaji hodari atakaa njaa na cheti chake ukutani. Lakini hoja hii inawageukia walioitoa. Ikiwa wanajua kwamba 9 kati ya ajira 10 ziko jua kali, mbona vyuo vingi vingali vinamwandaa kijana kuajiriwa na kampuni? Mbona anafundishwa kuendesha mashine ambayo hataiona tena baada ya mahafali, wala hafundishwi kupiga hesabu ya gharama, kuandika bei na kudai deni? Na ikiwa kazi hazipo kabisa, kwa nini aliahidiwa?

Pingamizi la tatu hunong'onwa tu: kwamba kupima kutawapa wapinzani silaha. Huo ndio ukweli uliofichwa nyuma ya mengine yote. Nafasi za mafunzo zimekuwa zawadi ya kisiasa. Orodha huandaliwa katika ofisi za wakubwa, na majina ya jamaa na wapiga kampeni hutangulia. Mradi ukiwa wa kugawa fadhila, kipimo chake kitakuwa kura zilizopatikana. Serikali inayoogopa kupimwa imekwisha kujipima yenyewe.

SHERIA IKO UPANDE WETU

Wananchi wasidhani kwamba tunaomba hisani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 55, inailazimu serikali kuchukua hatua ili vijana wapate elimu na mafunzo yanayofaa, na pia wapate ajira. Neno "yanayofaa" lina uzito wake. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamtaka afisa wa umma ajibu ombi ndani ya siku 21. Kifungu cha 229 kinamtaka Mkaguzi Mkuu athibitishe kama fedha za umma zilitumiwa kwa kufuata sheria na pia kwa namna yenye manufaa. Yaani haitoshi stakabadhi kuwepo. Lazima ijulikane kama kitu kilichonunuliwa kilileta tija.

Isitoshe, Jedwali la Nne la Katiba hiyo limeviweka vyuo vya ufundi vya vijiji chini ya serikali za kaunti. Vyuo vikubwa vya kiufundi vimebaki kwa serikali ya kitaifa. Mgawanyo huu umegeuka kichaka cha kujifichia. Kaunti husema Nairobi haijaleta fedha. Nairobi husema kaunti imeajiri walimu wachache. Kijana aliye kati yao hajali ni nani mwenye chuo. Anajali kama mashine inazunguka na kama mwalimu yupo. Bunge la kaunti lina mamlaka ya kumwita waziri wa kaunti na kumtaka alete orodha ya wahitimu na walipo sasa. Ni diwani yupi amewahi kuuliza swali hilo wadini mwako, ndugu msomaji?

Upo pia ushuru wa mafunzo ya viwandani, ambao mwajiri hutakiwa kulipa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi aliyemwajiri. Fedha hizo husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo pia hutoa mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Kwa jina la mfanyakazi wa kiwandani zinalipwa shilingi 600 kwa mwaka. Ana haki ya kujua kama ziliwafunza vibarua na mafundi wenziwe, au kama zililipia semina za mameneja hotelini.

Tunatambua pia hatua njema inapochukuliwa. Sera ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupitia chuoni, iliyozinduliwa mwaka 2024, ni jambo ambalo mafundi wa Gikomba, Kamukunji na Kibuye walistahili miongo mingi iliyopita. Fundi aliyeunda majiko na masanduku ya bati kwa miaka 20 si mtu asiye na elimu. Lakini sera hiyo nayo tutaipima kwa kipimo kile kile: ni mafundi wangapi wamepewa vyeti, kwa ada gani, na je, cheti hicho kimewafungulia zabuni au mkopo waliokuwa wakinyimwa?

MADAI YETU

Kwa hiyo tunadai yafuatayo, na tunayadai kwa serikali ya kitaifa, kwa magavana 47, na kwa kila chama kinachojiandaa kuomba kura.

Kwanza, kila chuo na kila mradi wa mafunzo unaotumia fedha za umma uwafuatilie wahitimu wake kwa muda wa miaka 3, na matokeo yabandikwe ubaoni mlangoni mwa chuo: waliingia wangapi, walimaliza wangapi, wanafanya kazi wangapi, na wanapata kiasi gani. Mzazi ayaone kabla hajalipa karo. Hesabu ya wasichana na ya vijana wenye ulemavu itolewe kando, ili wasifichwe ndani ya jumla.

Pili, nafasi zikiwa chache kuliko waombaji waliotimiza masharti, wachaguliwe kwa kura ya hadharani, wala si kwa barua ya mkubwa.

Tatu, mradi wowote wa mafunzo usibadilishwe jina wala kuvunjwa kabla ripoti ya matokeo yake haijawekwa mezani Bungeni na kujadiliwa. Na mradi mpya usizinduliwe bila kueleza umejifunza nini kutoka kwa ule uliotangulia. Kwa mradi wa NYOTA tunadai orodha ya walionufaika katika kila wadi, kwa namna isiyowaanika kwa matapeli, na hesabu ya biashara zitakazokuwa zimesimama mwaka mmoja na miaka miwili baada ya mtaji kutolewa.

Nne, mafundi stadi wa jua kali walipwe kuwafundisha wanagenzi, na wapewe viti katika bodi za vyuo vya vijiji. Historia imeonyesha kwamba mwananchi huwaamini. Serikali nayo iwaamini.

Tano, Mkaguzi Mkuu aongezewe uwezo wa kukagua manufaa, si matumizi pekee, na ripoti zake zichapishwe kwa Kiswahili pia, lugha ambayo mlipa kodi wa kawaida anaifahamu.

Mnamo Juni 2024 vijana wa nchi hii walimiminika barabarani kupinga mswada wa fedha, na baadhi yao wakapoteza maisha. Waliouita uasi wa kitoto hawakuwasikiliza. Wengi wa vijana wale walikuwa na vyeti. Walikuwa wamesoma kama walivyoambiwa, wamehitimu kama walivyoambiwa, wakarudi nyumbani kukaa. Kisha wakatakiwa wamlipe kodi zaidi yule yule aliyewaahidi kazi. Hasira yao ilikuwa ni swali la miaka 60 ambalo halijajibiwa.

Wananchi wenzetu, msingoje serikali ijichunguze yenyewe. Nendeni kwenye chuo kilicho karibu nanyi mkaulize wahitimu wa mwaka juzi wako wapi. Andikeni ombi la habari, mwekeni tarehe, hesabuni siku 21. Mwiteni diwani wenu katika baraza na mumuulize mbele ya watu. Vyama vitakapokuja na miradi mipya yenye majina ya kuvutia, viulizeni swali moja kabla ya kupiga makofi: ile ya zamani ilileta nini? Daftari lifunguliwe, na lisomwe kwa sauti.